Kuagwa Kabla ya Kibali

Kosa langu lilikuwa moja tu: nilikubali kuagwa kabla kibali hakijatoka.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Maduka yalianza kujaa, mitumba ilitandazwa kila mahali, na kila mwenye ujuzi wake alikuwa anatafuta pa kwenda nao. Mimi nilikuwa fundi sanifu wa maabara katika hospitali moja pale Dodoma mjini, mtu wa darubini na damu za watu. Hospitali moja ya Botswana ikanipa kazi. Mshahara wenyewe nilirudia kuusoma nikidhani macho yananidanganya. Kilichobaki kilikuwa kibali changu cha kufanya kazi, pamoja na ruhusa ya binti yangu kuishi nami huko. Mwajiri akasema hakitachukua muda. Nikaamini, maana nilitaka kuamini.

Sasa, kwetu mtu haondoki kimyakimya kama mwizi. Ukishasema unasafiri, utaagwa, upende usipende. Kazini walichangishana, wakapika pilau, wakaleta soda za rangi zote, na mganga mkuu akatoa hotuba iliyokula nusu ya mchana. Ilikuwa mwezi wa sita na upepo ulitumwagia vumbi mpaka kwenye sahani. Nikapewa saa ya ukutani na doti mbili za khanga. Kanisani nikaitwa mbele, nikaombewa. Nililia kweli, nikawakumbatia hata wale niliokuwa sisemi nao.

Kazi nikaacha. Vitu nikauza. Makochi, kabati na kitanda vilichukuliwa na jirani yangu pale Miyuji, mama mmoja wa Kiislamu, mzaliwa wa Majengo, ambaye mumewe alikuwa na duka la nafaka sokoni. Nikabaki na godoro, sanduku la safari, na ile saa ya ukutani.

Binti yangu alikuwa na miaka tisa. Baba yake alikwishashika njia zake zamani, hana nafasi humu. Nilimhamisha shule nikampeleka kijijini Haneti kwa mama yangu, akae huko wakati namalizia mambo ya safari. Nikamwambia, "Wiki mbili tu. Kibali kikitoka nakuja kukuchukua, tunapanda ndege." Akaniuliza kama ndege ina dirisha. Nikamwambia inalo, na atakaa yeye dirishani. Akang'ang'ania sketi yangu mpaka mama akaja kumbandua kidole kimoja kimoja, na nikapanda basi huku nasikia kilio chake.

Wiki mbili zikapita. Mwezi ukapita, ukafuata mwingine.

Nilikuwa nakwenda posta kupiga simu kule hospitalini Botswana. Enzi hizo unaandikisha namba dirishani, unakaa kwenye benchi mpaka uitwe, kisha unakimbilia kwenye kibanda kwa sababu dakika zako zimeshaanza kwenda. Upande wa pili kulikuwa na mama mmoja mwenye sauti ya upole, na huo upole wake ndio ulionikera kuliko yote. Faili lako linashughulikiwa, anasema. Mara wanataka nakala ya cheti iliyogongwa muhuri wa wakili. Nikatuma. Mara picha za mtoto si za kipimo wanachotaka. Nikapiga nyingine, nikatuma. Mara ofisa anayehusika yuko likizo. Nikamuuliza huyo ofisa ana likizo ngapi kwa mwaka. Akacheka kidogo, akaniambia nivumilie. Nilitoka kwenye kile kibanda nimefura kama andazi.

Kumbe simu ilikuwa afadhali. Balaa lilikuwa watu. "Kumbe bado upo?" Jamani, swali hilo liliniandama. Mtu uliyekwisha kumlilia begani unamweleza nini? Amekula pilau ya kukuaga, amechanga, halafu anakukuta unachagua nyanya. Nikaanza kwenda sokoni Majengo saa sita za mchana, jua la utosini, saa ambayo watu wa maofisini wako maofisini. Hata hivyo siku moja nikagongana na mganga mkuu mwenyewe, kashika fungu la mchicha.

"Bado upo?" akauliza.

"Nipo, daktari. Ndege ndiyo haipo."

Akacheka sana. Mimi sikucheka, na mchicha wangu nikaenda kuununua kwingine.

Nashukuru zahanati za watu binafsi zilikuwa zimeanza kufunguliwa. Moja nyuma ya soko ilihitaji mtu wa kupima malaria, nikashika kibarua hicho, nikajificha nyuma ya darubini. Ugali ulipatikana. Lakini binti je? Nilifikiria kumrudisha kila siku niliyoamka. Nimrudishe wapi? Nafasi yake shuleni ilikwishajazwa, nyumba haina hata stuli, na kila nikipiga simu naona kama kibali kitatoka wiki ijayo. Hilo ndilo lililonimaliza. Wangeniambia mwaka mzima, ningejipanga kama watu wengine. Wao walisema karibuni, na mimi nikaishi kwa hiyo karibuni yao.

Jioni nilikuwa nakwenda kwa yule jirani aliyenunua vitu vyangu. Naketi kwenye kochi langu mwenyewe, upande ule ule ulioingia ndani kwa kukaliwa na mimi, na ananiletea chai ya tangawizi kama mgeni. Hakuniuliza habari za kibali hata mara moja. Siku moja nikashindwa kujizuia.

"Shoga, mbona wewe huniulizi?"

"Nikuulize nini? Kikitoka nitakiona usoni kwako kabla hujafungua mdomo. Kunywa chai, inapoa."

Nilianza kulia hapo hapo, kikombe mkononi. Ndipo nikamweleza nililokuwa nimelibeba tangu Krismasi.

Krismasi nilikuwa nimekwenda Haneti. Mvua zilikuwa zimeanza, na nilimkuta binti yangu pekupeku, anamgombeza mbuzi kwa Kigogo, tena Kigogo kilichonyooka kuliko changu. Aliponiona alikuja taratibu akanisalimia, "Mbukwa," kama wanavyosalimiwa watu wanaopita njiani, halafu akakumbuka, akasema, "Shikamoo mama." Usiku alilala na bibi yake. Habari za ndege hakuzigusa. Na siku ya kuondoka, mimi nimejiandaa kwa kilio, yeye alinishika mkono akasema, "Haya mama, safari njema." Akarudi shambani. Hakugeuka.

Basi lote nililia mimi. Nilikuwa nangoja kibali cha kuishi na mwanangu, na huko kungoja kwenyewe kulikuwa kunaninyang'anya mwanangu.

Mama yangu alikuwa ameniona pale kituoni nikifuta macho. Akanikemea. "Mtoto hajapotea, yuko kwa bibi yake. Wewe ndiye uliyepotea. Huko hujafika, na hapa hupo."

Jirani yangu alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunipa mawaidha. Alinimiminia chai nyingine, akasema, "Lia tu, kochi ni lako."

Mwezi wa nne nikaenda tena posta, kwa mazoea tu, kama mtu anayekwenda kuchota maji kwenye bomba analojua limekauka. Nikaitwa. Nikaingia kibandani bila hata kukimbia. Yule mama wa sauti ya upole akasema kimetoka.

"Sema tena."

"Kimetoka. Chako na cha mtoto. Tiketi zinafuata."

Niliteleza nikakaa chini mle kibandani, simu inaning'inia, na mtu wa zamu akaja mbio akidhani nimefiwa. Nikamwambia hapana, kaka, nimepona. Nilirudi Miyuji kwa miguu, namsalimia kila mtu, na nikapita makusudi mbele ya hospitali, maana siku hiyo nilitaka kuulizwa kama bado nipo. Hakuna aliyeniuliza. Mwili ulikuwa mwepesi, nilihisi kama nimetuliwa gunia la mahindi lililokaa kichwani mwaka mzima.

Jirani alinitazama mara moja tu kutoka mlangoni. "Alhamdulillahi," akasema, akanivuta ndani. Kisha akanionyesha kidole. "Ila pilau ya pili hatupiki. Sisi tulishakuaga." Tulicheka mpaka mumewe akatoka chumbani kuuliza kuna nini.

Kesho yake nikapanda basi la Haneti. Matope yalitushika mara mbili, abiria tukashuka kusukuma, na mimi nilisukuma nikiimba. Nikafika mchana, sketi yote tope. Nikawakuta shambani, mama na binti yangu, wameinama kwenye kijaruba kidogo cha karanga pembeni mwa uwele. Mama aliinua kichwa, akanisoma, akaacha jembe lianguke. Nikamgeukia binti.

"Kibali kimetoka, mwanangu. Tunaondoka."

Nilikuwa nimeota siku hiyo mwaka mzima. Katika ndoto zangu aliruka, akanirukia shingoni. Yeye alisimama tu. Aliniangalia, akaziangalia zile karanga, akaniangalia tena. Akasema kwa adabu, kama anamwomba mwalimu ruhusa:

"Mama, hizi ni zangu. Bibi alinipa mbegu, nimepanda mwenyewe na nimepalilia mwenyewe. Bado kidogo zikomae. Huwezi kusubiri?"

Mimi, mtu wa kuulizwa kama naweza kusubiri. Nikamtazama mama. Alikuwa amegeuzia uso kwenye uwele, mabega yanamtikisika. Ndipo na mimi kicheko kikanipasuka, kicheko ambacho sikujua kama bado ninacho, nikaketi pale pale kwenye udongo mbichi, nacheka na machozi yanatoka. Binti akaogopa. Akanisogelea pole pole, akanifuta tope shavuni kwa kiganja chake, halafu akakaa mapajani kwangu, kwa uzito wake wote, kama alivyokuwa akikaa Miyuji.

"Lile dirisha la ndege bado ni langu?" akauliza.

Nikamwambia ni lake.

Kazini kule walinitaka niripoti mwisho wa mwezi wa tano, kwa hiyo nafasi ilikuwepo. Nilibaki Haneti. Asubuhi mvua ikinyamaza tulikwenda shambani wote wawili, tunang'oa shina moja, tunakung'uta udongo, tunapasua ganda kuangalia ndani. Anazikagua kwa makini, anatafuna moja, ananitafunisha na mimi.

"Bado kidogo, mama," anasema.

"Sawa," namjibu. "Nasubiri."