Mafuta ya Mkia Kwenye Mashine ya Baridi

Juzi mjukuu wangu ameleta fundi hapa nyumbani Kiwanjani, atengeneze ile gari yake ya zamani anayopenda kuliko bibi yake. Mimi nimekaa kwa mkeka na chai yangu ya tangawizi, nawaangalia tu. Fundi ameingiza kichwa kwa boneti, anasema, "Shosho, gari ni nzima, ni kompresa ya AC imekwama." Nikacheka mpaka chai ikamwagika. Mjukuu ananiuliza, ayeyo, yaani nyanya kwa Kisomali, unacheka nini? Sasa na wewe sogea hapa karibu, nikuambie vile nilimwambia.

Mimi shule niliachia darasa la pili, lakini kompresa naijua tangu nikiwa na miaka kama minane. Hiyo ilikuwa wakati wa shifta, vile vita vya Wasomali waliotaka kujitenga na Kenya. Babu yetu alikuja na jeshi ya wazungu, akaachwa hapa na kipande cha malisho, ndiyo maana sisi Wasomali ni watu wa Isiolo. Mji ulikuwa mdogo. Asubuhi unasikia adhana, halafu mbuzi, halafu mama anamwaga uji wa anjera, ile mikate yetu myembamba, kwa chuma, shiiii, na wewe tumbo linaamka kabla ya macho. Kazi yangu ilikuwa kufukiza vibuyu vya maziwa na kijinga cha moto, maziwa yapate ile harufu tamu ya moshi.

Lakini miaka hiyo hukutoka mji hivi hivi. Lazima uende kwa DC, mkuu wa wilaya, uandikiwe pasi, halafu ungoje konvoi, magari yafuatane, askari mbele na askari nyuma. Na watu waliokuwa wanasalimiana vizuri walianza kuangaliana na pembe ya jicho.

Jirani yetu alikuwa na malori ya kwenda Garbatulla na Merti, yote yamelala uani juu ya mawe, bila magurudumu, kwa sababu ya vita. Lakini alikuwa pia na gari moja ya Kimarekani, ndefu kama kitanda cha watu wanne, rangi ya samli, alinunua kwa mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Na ndani ilikuwa na mashine ya baridi. Isiolo hii! Sisi watoto tulipanga laini dirishani tuingize mikono tusikie. Nyanya yangu, tulikuwa tunamwita ayeyo, alisema baridi haiwezi kutoka kwa injini ya moto, hiyo ni pumzi ya jini. Hakuwahi kuingiza hata kidole.

Sasa mama akashikwa na uchungu. Siku ya kwanza ikaisha, ya pili ikaisha, mtoto hatoki. Asubuhi ya tatu mkunga akatoka nje, akanawa mikono, akamwambia baba, "Mtoto amelala kwa upana. Mpelekeni Meru akapasuliwe, leo hii, ama mtaniita tena kuosha maiti." Nilisikia na masikio yangu, nimeshika kibuyu.

Konvoi ilikuwa inatoka saa sita. Ingine ni mpaka siku tatu. Baba akakimbia kutafuta pasi, jirani akasema gari ipo, akawasha. Ikalia kama mbuzi amechinjwa vibaya, moshi ya mpira ikajaa uani, mkanda ukakatika.

Fundi wa kweli mjini alikuwa mmoja, Mmeru, Mkristo, kibanda chake karibu na soko. Na shemeji yake alikuwa ameuawa na shifta barabarani juzi tu. Ayeyo akaenda mwenyewe, mimi nyuma yake.

"Fundi, habari."

"Mzuri, nyanya."

"Gari imekwama, na mke wa mwanangu anakufa."

Fundi hakuinua macho. "Mimi gari ya watu wa shifta sigusi."

Ayeyo aliinama, akachukua sanduku la spana la huyo fundi, akaweka kichwani, akaenda zake. Sanduku la chuma! Fundi akaruka, "We nyanya! Rudisha vyombo vyangu!" Ayeyo anatembea tu, shingo imenyooka kama amebeba maji. Soko lote linacheka. Wakaenda hivyo mpaka kwetu, yeye mbele, fundi nyuma anafoka, na akaweka sanduku chini mbele ya ile gari. Hapo mama akalia kutoka ndani. Fundi akageuka kwa mlango. Halafu akavua kofia, akasema, "Fungua boneti."

Akatuonyesha. Mkanda mmoja ndio unazungusha pampu ya maji na hiyo kompresa ya baridi. Kompresa yenyewe imekufa ndani, wachana nayo. Lakini gurudumu lake la mbele, pale mkanda unapita, lazima lizunguke bure, na beringi yake imekauka, imejaa vumbi ya Isiolo. Likikataa kuzunguka, mkanda unaungua tena, pampu inasimama, injini inachemka kabla ya mlima. Mkanda mwingine alitoa kwa lori. Grisi ndiyo hakuna, duka zote zilikuwa zinangoja konvoi.

Ayeyo akaingia ndani, akatoka na kopo. Kwetu mwanamke akizaa anawekewa mafuta ya mkia wa kondoo, anakunywa kidogo kidogo zile siku arubaini arudishe nguvu. Ya mama ilikuwa tayari, nyeupe, safi.

"Nyanya, hii si ni ya mgonjwa?"

"Mgonjwa wangu sasa ni hiyo chuma. Lisha."

Fundi akacheka, mara ya kwanza. Akaosha beringi na mafuta ya taa, akaijaza mafuta ya mkia na kidole. "Itafika Meru. Kurudi, sijui. Na mtu asiguse swichi ya baridi! Kompresa ikishika, mkanda umeenda."

Saa sita karibu, pasi ikaja. Mama akalazwa nyuma, baba kando yake, jirani kwa usukani, ayeyo mbele. Na fundi, bila kuombwa, akajipenyeza hapo mbele kando ya ayeyo. "Huko juu ni kwetu," akasema. "Mkikwama, nani atawasikiza nyinyi?"

Ya njiani tulisimuliwa kila Idi. Beringi ikapata moto, mafuta yakaanza kukaangika. Kufika kizuizi, askari akanusa.

"Nyama iko wapi?"

"Hakuna nyama, afande."

"Mimi si mtoto! Huo ni mkia wa kondoo."

Akapekua kila mahali, mpaka fundi akamfungulia boneti. Askari akaangalia, akaangalia tena. "Siku hizi mnapika kwa injini?" Akawaachilia.

Na mlimani, mama akilowa jasho, ayeyo alisahau jini, akasahau onyo la fundi, mkono ukaenda kwa swichi ampe mama baridi. Fundi akaudaka. Akaushika hivyo, hakuuachilia mpaka Meru. Mwanaume si wake, dini si yake! Ayeyo alikuwa anasema, "Siku hiyo Mungu aliangalia pembeni kidogo."

Sisi tulibaki na mkunga siku tatu, hakuna habari. Nilifukiza vibuyu vyote, vingine mara mbili. Konvoi ikarudi, gari ya samli ikiwa ya mwisho, na mama ndani, mweupe kama unga, ameshika ndugu yangu.

Baada ya hapo, kila asubuhi nilimpelekea fundi kibuyu cha maziwa. Kwanza alikuwa anakunja uso kwa ule moshi, halafu ikawa nikichelewa ananiuliza kwa nini. Asubuhi moja nikakuta kufuli. Watu wengi walihama hivyo, hawaagi. Nikarudi na kibuyu kimejaa. Mama akakipokea, akaangalia barabara ya Meru. Kile kibanda siku hizi ni ghorofa. Jina la huyo fundi sikuwahi kujua, tulimwita fundi tu, na mpaka leo naswali nikimtaja hivyo hivyo, Mungu anamjua.

Rafiki yangu, kwa sababu ya huyo fundi mimi nilibaki na mama. Alinisuka nywele nikiolewa. Nimezaa watoto saba, na wote saba mama ndiye aliwapokea kwanza. Mimi mwenyewe nilikuwa nawashika baada yake.