Picha ya Baba kwenye Simu za Watu

Kundi letu la mtandaoni tulilifungua baada ya daktari kutuambia kwamba Baba ana ugonjwa wa ubongo, ule wa kusahau, na kwamba asiachwe peke yake. Tulikuwa watatu: dada yangu aliye Bujumbura, kaka yetu aliyebaki Tanzania tulikokulia ukimbizini, na mimi ninayeishi na Baba hapa Rumonge. Wao walipanga dawa, chakula, hata saa ya kumwogesha. Kumwogesha kwenyewe kulikuwa kwangu. Fimbo ya mbali haiui nyoka, lakini wa kwetu waliitikisa kila asubuhi.

Baba alikuwa na safari moja tu. Akipata upenyo, hubeba jembe begani na kushika barabara ya kusini, akisema anawahi palizi. Shamba lenyewe liko Tanzania, tuliliacha tuliporudi Burundi. Nikapendekeza tuweke picha yake kwenye kundi la madereva wa pikipiki, ili atakayemwona atupigie. Kaka alikataa katakata.

"Utamwanika Baba kama samaki wa ndagala juani," aliandika.

Nilimjibu kwamba basi aje amkimbize yeye.

Siku moja nilichelewa sokoni na mawese yangu. Nilikuta jirani niliyemwachia Baba analia mlangoni, na jembe halipo. Malori ya barabara ile hayampishi mzee. Sikumwomba mtu ruhusa tena. Nilituma picha kwa madereva.

Haikupita muda, dereva mmoja Mkongomani akapiga.

"Mama, muzee wenu iko huku Kigwena. Iko muzima, ila anakatala kupanda pikipiki."

Nilimshukuru Mungu kwa sauti, katikati ya majirani waliokusanyika, bila haya. Kisha nikapanda pikipiki nyingine kumfuata.

Nilimkuta ameketi chini ya michikichi kando ya barabara, jembe mapajani, ameshika simu ya yule dereva. Alikuwa anaitazama picha yake mwenyewe. Niliogopa kuliko nilivyoogopa njia nzima, maana aibu aliyoisema kaka niliiona imefika.

Baba aliinua macho, akaniangalia kwa adabu, jinsi anavyowaangalia wapita njia.

"Mama, umemwona mzee huyu?" aliniuliza. "Wanasema amepotea. Masikini, sijui watoto wake wana hali gani."

Nilitaka kujizuia, nikashindwa. Nililia mbele yake na mbele ya dereva.

"Wanamtafuta, Baba," nikasema. "Twende nyumbani."

"Nenda wewe." Alikwisha kurudisha macho barabarani. "Mimi nikiondoka, akipita hapa nani atamzuia?"

Simu yangu ilikuwa inalia mfululizo. Dada na kaka walikuwa wanauliza kama Baba amepatikana. Niliandika ndiyo, nikafuta. Nikaketi kwenye nyasi kando yake, tukamsubiri.