Trekta Alilomchagulia Mkwewe

Pale kwenye yadi ya matrekta walimwita Asali kwa sababu ya mdomo wake. Mteja aliweza kuingia akitafuta mkanda wa feni tu, akatoka ameahidi kurudi na mkewe kuangalia haro ya kuvunjia mabonge ya udongo. Wenzake walimtania kwamba ukimfungia chumba kimoja na jiwe, kufika jioni jiwe litakuwa limenunua tela. Naye alicheka nao, maana sifa alizipenda kama watu wengine wanavyopenda chai.

Lakini nyuma ya mdomo ule alikuwapo mtu aliyeijua kazi yake. Hilo heri lisemwe mapema, kwa sababu angekuwa hajui, hiki kingekuwa kisa cha mtu mjinga na tungemhurumia yakaisha. Asali alijua. Akiangalia udongo kwenye viatu vya mteja alijua kama mtu huyo analima bondeni au mlimani. Alijua trekta gani litazama kwenye tope na gani litapita. Alijua, kuliko wote pale, kwamba mkulima wa mboga hasumbuliwi na nguvu za farasi. Anachotafuta ni upana: tairi zipite mitaroni, tuta libaki katikati bila kuguswa.

Mwaka ule yadi ilikuwa na matrekta madogo ya aina mbili. La kwanza lilikuwa la kijivu, fupi, jembamba, halina sura ya kumsimamisha mtu njiani. Tairi zake za nyuma uliweza kuzisogeza ndani au nje kwa kulegeza nati. La pili lilikuwa jekundu, pana kifua, taa nne mbele, kiti chenye springi. Hilo bosi aliliagiza mwenyewe baada ya kuambiwa na kila mtu asiliagize. Lilikaa pale msimu baada ya msimu, likioshwa kila asubuhi na kupakwa nta, na wauzaji wakalipa jina la Bi Harusi, kwa kuwa lilipambwa kila siku na mume haonekani.

Bosi hakulipenda jina hilo. Asubuhi moja aliwaita wote ofisini akasema, "Cheo cha mkuu wa mauzo kiko wazi. Atakayeliondoa lile jekundu hapa uwanjani, meza ya mbele ni yake."

Asali aliitaka meza ile kuliko alivyoweza kukiri. Mkewe alikuwa karani wa mapokezi katika zahanati, mwanamke mchangamfu, na kila alipomtambulisha kwa watu alisema, "Mume wangu huyu ndiye anayeiendesha ile yadi ya matrekta." Halikuwa kweli, wala Asali hakuwahi kumsahihisha. Alitabasamu tu, akajiambia kwamba siku moja litakuwa kweli na hakuna atakayejua kwamba liliwahi kuwa uongo.

Basi hali ikiwa hivyo, nani akaingia getini? Baba mkwe wake.

Mzee alikuja amevaa koti lake la kwenda mjini na mabuti ya shambani. Alikuwa mkulima wa kabichi na nyanya kwenye bonde lenye maji, mtu wa maneno machache, aliyelima kwa jembe la mkono tangu ujana wake mpaka mgongo ukakataa. Kwa miaka mingi alikuwa akijibana ili anunue trekta dogo, na kila jamaa katika ukoo alijua kwamba hiyo ndiyo ndoto yake. Angeweza kwenda kwenye duka lolote. Alikuja pale kwa sababu mkwewe yupo pale.

"Mwanangu," alisema, "leo nimekuja nitoke na kitu. Nionyeshe."

Haikuwa kazi ya kuonyeshwa tu. Mzee aliyazunguka matrekta yote mawili asubuhi nzima. Alipanda na kushuka. Alifungua boneti akatazama kama mkono wake unafika kwenye chujio la oili bila kung'oa kitu kingine. Alitaka kila moja likate kona mbele ya macho yake. Kisha akatoa mfukoni kamba yake ya kupimia matuta, akachuchumaa nyuma ya lile la kijivu, akaitandaza kati ya tairi na tairi. Ilikaa sawasawa. Akaenda kwa lile jekundu, akapima, akapima tena. Tairi zilivuka alama za kamba upande huu na upande ule.

"Hili litanikanyagia matuta," alisema.

Hapo ndipo Asali angepaswa kusema, "Ndiyo, baba, litakukanyagia." Maneno matatu tu, na leo asingekuwa na kisa. Badala yake mdomo ukaanza kazi yake wenyewe, kama bomba lililosahauliwa wazi. Akasema kamba inapima shamba la leo, na baba anapaswa kufikiria la kesho. Akasema nguvu ni akiba. Akasema lile la kijivu ni la bustani za watu wa ofisini, wanaolima Jumapili ili wapige picha. Mzee akacheka kidogo kwa hilo, na Asali akaona amempata.

Mzee alisimama akaliangalia la kijivu kwa muda mrefu. Kisha akamgeukia.

"Mimi nimezoea jembe, hizi mashine wewe ndiye unayezijua. Nakuuliza swali moja, ukinijibu siulizi tena. Shamba langu unalifahamu, umeshalikanyaga. Lingekuwa lako, ungechukua lipi?"

Asali alitupa jicho kwenye dirisha la ofisi. Bosi alikuwa amesimama pale, kikombe mkononi, hanywi.

"Hili jekundu, baba."

Mzee akaikunja kamba yake, akairudisha mfukoni, akamshika mkwewe begani. "Basi tumemaliza."

Siku ile wenzake walipiga vigelegele na kugonga madebe ya oili mpaka wapita njia wakachungulia getini. Bi Harusi kaolewa! Asali alihamia meza ya mbele. Mkewe alipopata habari alimkumbatia mlangoni, akampigia simu kila mtu anayemjua. "Na baba amepata trekta! Kachaguliwa na mkuu wa mauzo mwenyewe!" Asali aliingia bafuni akajifanya ananawa uso, akakaa humo mpaka mkewe alipouliza kama anaumwa.

Aibu haikumjia yote kwa mara moja. Ilianza na visingizio. Mkewe akisema waende kuwasalimia wazee, yeye alikuwa na hesabu za stoo, au gari bovu, au mafua. Alijua tabia za wateja waliouziwa kitu kisichofaa: hupiga simu, hufoka, huja getini wakiwa wamefura. Alisubiri simu hiyo na haikuja. Badala yake mzee alipiga kumsalimia tu. "Linafanya kazi, mwanangu. Usiwe na wasiwasi." Kila aliposikia maneno hayo aliaga haraka, maana alijua haliwezi kuwa linafanya kazi.

Mwishowe mkewe alichoka. "Usipokwenda Jumapili hii nitajua una jambo na wazazi wangu," alisema, na Asali akaenda.

Walipofika, mkewe aliingia jikoni kumsalimia mama yake na hakumkuta. "Yuko bondeni," mzee alisema, akamgeukia Asali. "Njoo, mwanangu, ukaone."

Asali alilifahamu bonde lile. Matuta yalikuwa membamba, marefu, yamenyooka, na mtu akichuchumaa mtaroni mkono wake ulifika katikati ya tuta kwa palizi bila taabu. Ndivyo mzee alivyoyachimba tangu kijana, ndivyo kamba yake ilivyosema. Sasa Asali alisimama ukingoni asiamini macho yake. Matuta yale hayakuwapo tena. Yalikuwa yamevunjwa yote, kuanzia juu mpaka kwenye maji, na mahali pake yakachimbwa mengine, mapana kama vitanda vya watu wazima wawili, yenye mitaro mipana ya kupitisha tairi pana. Kule chini, kwenye majimaji, njia nzima ilikuwa imejazwa mawe na matawi ili mashine nzito isizame.

Na juu ya tuta moja mama mkwe wake alikuwa amepiga magoti kwenye ubao uliolazwa kukatiza tuta, mwili ameuinamisha mbele, anang'oa magugu ya katikati. Mkono wake haukuweza tena kuyafikia kutoka mtaroni. Alipomaliza hapo alishuka, akauvuta ubao mbele, akapanda tena, akishika kiuno. Alimwona mkwewe akampungia mkono kwa furaha.

"Nani amechimba yote haya?" Asali aliuliza.

"Mimi na mama yako. Tulianza mara trekta lilipofika." Mzee alisema hayo kama mtu anayeeleza jinsi alivyopaka nyumba rangi. "Mwanzo lilikuwa linapondaponda kabichi. Nikakaa nikafikiri. Wewe ulisema hili ndilo linalofaa, na wewe ndiye unayejua. Basi nikaona kosa liko kwenye matuta yangu."

Asali aliona uso unamwaka. Aliitazama mikono ya mzee, ambayo trekta lilinunuliwa ili ipumzike, akaona malengelenge yaliyopasuka na kukauka na kupasuka tena. Akatamani mzee amtukane. Akatamani ampige kofi mbele ya kabichi zote. Lakini mzee alikuwa anamwangalia akisubiri kusifiwa kazi yake.

"Baba," alisema, "nilijua."

"Ulijua nini?"

"Siku ile. Nilijua halifai. La kijivu ndilo lilikuwa lako. Bosi aliahidi cheo kwa atakayeliuza jekundu."

Mzee aliinama akaokota jiwe lililokuwa njiani, akaliweka pamoja na mengine. Aliliweka vizuri, akalikanyaga kuona kama limekaa.

"Nitaongea na bosi," Asali akasema haraka. "Nitamwambia walichukue, nitarudisha hata hicho cheo, nita..."

"Mnachukua trekta lililoshaingia topeni?"

Asali akainamisha kichwa. Hawakuwa wakichukua, na yeye mwenyewe ndiye aliyewasomea wateja sharti hilo.

"Nilikuuliza swali moja," mzee alisema. "Sikukuuliza mawili." Alijipangusa mikono kwenye suruali, akamwita mkewe aliyekuwa kwenye ubao kwamba sasa inatosha, wageni wamefika. Kisha akasema kwa sauti ndogo, bila kumtazama Asali, "Hili lisiingie ndani. Binti yangu anakuona mtu mkubwa. Mwache hivyohivyo."

Wakaenda kula. Chakula kilikuwa kingi, na mke wa Asali aliketi ubavuni pake, anamwekea mchuzi, anamsimulia mama yake habari za meza ya mbele. Jirani mfuga kuku akaingia kusalimia, kama jirani anavyoingia akisikia harufu ya chakula, akavutiwa kiti. Kumbe alikuwa na lake. Alikuwa ameuza kuku wengi, alitaka kukodi kipande cha bonde na kununua trekta.

"Nimefika mahali penyewe," alisema akimwelekea Asali. "Mzee hapa kila siku anatuambia, mkwe wangu kanichagulia, mkwe wangu kanichagulia. Sasa na mimi nichagulie. Kipande changu kinapakana na hiki, udongo mmoja, maji mamoja. Nichukue lipi?"

"Muulize tu," mke wa Asali alisema. "Mume wangu hawezi kumdanganya mtu."

Mzee alikuwa amenyanyua bilauri ya maji. Akaishikilia hapohapo, hanywi wala haishushi, macho yake kwenye sahani.

Asali alijua la kusema ili nyumba ile ibaki na furaha yake. Angesema, "Jekundu, kama la baba," na wote wangeendelea kula, na bonde la pili lingechimbuliwa. Aliangalia magoti ya mama mkwe wake, udongo bado umeganda kwenye kanga.

"Chukua la kijivu," alisema.

Jirani akacheka. "La kijivu? Mbona mzee ulimpa jekundu?"

Mama mkwe alikuwa ameacha kupakua.

"Nilimdanganya," Asali alisema. "Lile jekundu lilikuwa limetushinda kuuza. Nilitaka cheo."

Jirani alikohoa, akatafuta viatu vyake kwa macho, akaanza kusema kwamba kuku wake hawajapewa maji. Mzee akashusha bilauri.

"Kaa, bwana, chakula hakijaisha," alimwambia. "Umeshasikia. Nunua la kijivu."

Mama mkwe akaitazama mikono yake, kwanza upande wa juu, kisha viganja. Hakumtazama mkwewe. Mke wa Asali naye hakupiga kelele wala hakulia. Aliinuka, akachukua sahani yake, akazunguka meza akaenda kukaa karibu na mama yake.