Watoto Hawahesabiwi

Nilipokuwa mtoto, kijijini kwetu karibu na Mbau, mashariki mwa Kongo, nilijua kuhesabu mbuzi, kuku, mikungu ya ndizi, hata mabati ya paa la kanisa. Watu sikuruhusiwa kuwahesabu. Sheria hiyo ilikuwa ya Koko, mama yake baba, na sheria za Koko hazikuwa na rufaa. Mtu akihesabiwa kwa kidole, alisema, kifo kinasikia. Kikishajua mko wangapi, kinaona kwamba mmoja akitoka bado mtabaki wengi, basi hakioni haya kuchukua. Kwa hiyo wakati wa kula Koko alisimama mlangoni akatuita kwa majina, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alipaswa kuitika "Niko!" kabla hajamwita anayefuata. Ukichelewa kuitika, chakula cha wote kilingoja.

Sisi Wanande, kwa asiyetujua, tunapewa majina kwa kufuata uzazi. Kwetu mvulana wa kwanza aliitwa Mumbere, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule. Mimi ndiye Kambale. Maana yake majina yenyewe ni hesabu, na jambo hilo nililigundua mapema nikamwambia Koko, kwa ujeuri wa mtoto aliyeanza shule juzi. Akanijibu kwamba jina linatoka kwa wazee na kidole kinatoka kwa mtu mwenyewe.

Nilikuwa mwaka wa pili wa shule ya msingi. Mwalimu alikuwa ametufundisha kuhesabu kwa vijiti, na mimi nilikuwa nimelewa hesabu kabisa, nahesabu kila kitu kilichokaa mbele yangu. Mchana mmoja tulikuwa tumezunguka sahani ya foufou, ugali wetu wa muhogo, na mboga ya sombe. Mama alikuwa shambani, Kakule mgongoni mwake, na Koko alikuwa amekwenda kuteka maji. Nikanyoosha kidole, bado kina sombe, nikaanza: Mumbere moja, dada zangu wawili, mimi mwenyewe, na mwisho Kasereka, aliyekuwa na miaka minne na kamasi hadi mdomoni. Tano. Kasereka alifurahi kupita kiasi. Hakuna mtu aliyewahi kumhesabu maishani mwake.

"Mimi tena!" akasema. "Mimi tena!"

Nikamhesabu tena. Sita.

Koko alikuwa mlangoni, ndoo kichwani. Nilijua nitachapwa. Hakunichapa. Alitua ndoo, akaenda kwenye kinu, akachukua mchi, akaulaza kwenye mkeka katikati yetu, kati ya Kasereka na mimi.

"Na huyu naye ni mutoto wangu," alisema. "Ile hesabu imeshaharibika. Mukule sasa."

Tulicheka sana. Kasereka alifinyanga tonge la foufou akaupelekea mchi, akaubembeleza ule. Koko peke yake hakucheka, na sisi kwa utoto wetu tuliona amekosa raha bure.

Haikupita hata wiki tatu, surua ikaingia kijijini. Iliingia nyumba nyingi, si yetu tu. Baba alimbeba Kasereka kwa baiskeli hadi kituo cha afya, akarudi naye jioni amefunikwa kitenge cha mama. Niliona miguu yake ikining'inia na nikajua, kwa uhakika wa mtoto ambao hauna nafasi ya swali, kwamba ni mimi. Nilikuwa nimemhesabu mara mbili.

Nililia hadi mama akanifuata nyuma ya nyumba. Yeye mwenyewe alikuwa hana nguvu ya kusimama, lakini alichuchumaa akanishika uso.

"Si weye, mwana wangu. Ni surua. Surua imekamata batoto kila fasi. Unasikia? Si weye."

Nikasema ndiyo. Koko hakunilaumu hata mara moja hadi alipokufa, na mimi ningalipenda kulaumiwa kuliko kunyamaziwa. Aliendelea kusimama mlangoni na kutuita. Akifika kwa Kambale, niliitika, kisha alivuta pumzi kidogo, akaita Kakule.

Wageni ndio walikuwa adhabu. Kwetu mtu akisikia nyumba ina Kambale na ina Kakule, hawezi kujizuia, atauliza: "Na Kasereka iko wapi?" Si ubaya, ni salamu tu, kama mtu anavyouliza habari za shamba. Mama alikuwa akijibu. Mimi nilitoka kwenda kuangalia mbuzi ambao hawakuhitaji kuangaliwa.

Nilikua, nikajifunza ushonaji, nikafungua kibanda kando ya barabara pale Mbau. Nikamwoa Zawadi. Mungu akatupa Masika, msichana wetu wa kwanza, kisha Mumbere, kisha mvulana mwingine ambaye mama yake alimchagulia jina la Exaucé, yaani ombi lililojibiwa, kwa sababu alikuwa amemwomba sana, kisha Neema. Sikuwahesabu. Jirani akiniuliza nina watoto wangapi, nilitaja majina, na Zawadi alinicheka mbele za watu.

"Papa Masika, weye ni fundi. Kila siku unapima batu kifua, unapima batu kiuno, na batoto yako ndio unaogopa kuhesabu?"

Nilicheka naye. Baba wa watoto wadogo hana muda wa kufikiria sana hofu zake. Asubuhi kuna beseni moja na watoto watatu wanaogombea maji ya moto. Kuna kiatu kimoja kilichopotea, sikuzote kimoja. Exaucé, mtoto wa fundi, hakukubali kuvaa suruali. Nilimshonea tatu, zote alizivulia njiani, na wateja walinitania kwamba fundi wa Mbau anavalisha kijiji kizima isipokuwa mwanawe. Alipenda kukaa chini ya mashini yangu, akakusanya vipande vya uzi, akavitia mdomoni. Nilishona nikiwa nimebana miguu nisimkanyage. Nililalamika kila siku, na sikujua kwamba hiyo ndiyo ilikuwa raha yangu.

Nami niliwaita kula kama Koko alivyotuita. Nilisimama mlangoni nikataja majina. Masika, ambaye hakupenda uji upoe, aliona njia ya mkato: aliitika "Niko!" mara tatu, kwa sauti tatu. Ya kwake, ya Mumbere nzito kidogo, ya Exaucé nyembamba yenye kamasi. Alimwiga vizuri kiasi kwamba hata mimi nilidanganyika. Badala ya kumkataza, nilimfanya aonyeshe kipaji hicho kwa wageni. Walipiga makofi.

Mwaka juzi, saa nne asubuhi, milio ya risasi ilitoka upande wa mashamba ya kakao. Asiyeishi kwetu atauliza ni akina nani. Sisi hatuulizi, tunakimbia. Lori la mbao lilikuwa likienda Beni, dereva akasimama kwa huruma ambayo ingeweza kumuua. Zawadi, Neema mgongoni, alisukumwa ndani ya kabini mbele. Mimi nikapandisha mashini. Niseme kama ilivyokuwa: nilipandisha mashini kwanza, kwa sababu ndiyo ilikuwa chakula chetu, kisha nikamwinua Masika, nikamwinua Mumbere. Nilipogeuka kwa Exaucé, watu walikuwa wameshajaa kati yetu, na mwanamke mmoja aliyekuwa mbele yangu alikuwa akimpandisha mtoto mdogo wa kiume. Nilimwona mgongo tu. Nikajua ni yeye. Lori likaondoka, nami nikaning'inia nyuma, mkono mmoja kwenye kamba.

Sikuweza kuona kichwa cha mtu yeyote. Nikaita.

"Masika!"

"Niko!"

"Mumbere!"

"Niko!"

"Exaucé!"

"Niko!"

Nilimshukuru Mungu kwa sauti, watu walinisikia. Kama ningalipenya nikahesabu vichwa nikafika viwili tu, ningaliruka nimrudie: lori lilikuwa bado halijavuka nyumba za mwisho.

Tuliposhuka Beni, Masika alikuwa amemshika Mumbere mkono. Nikauliza aliko mdogo wao. Masika aliwaza yuko mbele na mama yake. Mama yake aliwaza yuko nyuma na mimi. Masika alikuwa ameitika ili nisiogope, alisema, maana alisikia sauti yangu inatetemeka.

Siku ya tatu, vijana waliorudi Mbau kuzika walifika Beni wakanitafuta. Walimtambua kwa mishono yangu. Siku ile alikuwa amevaa suruali.

Sasa tuko Butembo, chumba kimoja, mtaa wa juu ambako baridi inawatoa watoto wa Mbau machozi asubuhi. Mashini ile ile imewekwa kwenye kibaraza cha mtu, nashonea wengine sare za shule. Mumbere amerudi kukojoa kitandani, na kila asubuhi tunaanika godoro bila kumsemesha. Neema amejifunza kutembea hapa. Hakumbuki kitu, na kuna siku namwonea wivu. Zawadi hanicheki tena kwa habari ya kuhesabu. Wageni husikia majina ya watoto wetu na huuliza kama ni hao tu.

Masika hakuigiza sauti ya mtu tena. Hakuzungumza habari ile mwaka mzima na zaidi, nami, mwoga, nilisema moyoni kwamba watoto husahau. Mimi! Mimi niliyejua vizuri kuliko baba yeyote.

Jumamosi iliyopita mchana tulikuwa mlangoni, yeye anamenya viazi, mimi nakunja pindo la sketi ya mteja. Akasema bila kuinua kichwa:

"Papa, ile siku ni mimi niliitika."

Nikaweka sindano chini. "Si weye, mama. Ni bale batu ya bunduki. Si weye hata kidogo."

Aliendelea kumenya. Ndipo nikamweleza. Nilimweleza habari za Kasereka, ambazo sijawahi kumweleza mtu isipokuwa Zawadi: kidole chenye sombe, "mimi tena", mchi kwenye mkeka, surua, baiskeli ya baba. Nikamweleza kwamba mimi pia nilidhani ni mimi, nikiwa mdogo kuliko yeye, na kwamba mama yangu alinishika uso akaniambia ukweli. Nilisimulia vizuri. Nilifikiri: basi maumivu yale yalikuwa na kazi yake, yaliwekwa miaka yote ili siku moja yamsaidie mtoto huyu. Kwa muda mfupi nilikaribia kuwa na furaha. Kisu chake kilikuwa kimesimama.

"Mama yako alikuambia si weye?"

"Ndiyo."

"Na weye ulikubali?"

"Nilikubali."

Alimenya kiazi kimoja hadi mwisho, ganda refu lisilokatika, akakitupa kwenye maji.

"Lakini mpaka leo weye hapana kutuhesabu."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mwanafunzi anayemwonyesha mwalimu kosa ubaoni, akisikitika kidogo kwa ajili yake. Nilichukua sindano, nikatafuta tundu la uzi, sikuliona.

Mama yangu alisema kweli. Surua haina habari na kidole cha mtoto. Nimelijua hilo miaka thelathini na ushee, na kujua kwangu hakujawahi kushuka hadi mkononi. Nami nimemwambia binti yangu kweli ile ile, kwa maneno karibu yale yale, na amenisikiliza kwa adabu ile ile niliyomsikilizia mama nyuma ya nyumba. Tulidhani tunawapa watoto kitu. Nafikiri mama naye alijua, alipokuwa akinishika uso, kwamba sipokei. Alisema tu kwa sababu mzazi hawezi kukaa kimya, na hakuna kingine cha kusema.

Viazi vilipoiva Masika hakuita mtu. Ameacha kuita siku hizi. Nilikuwa nimeliona hilo bila kulitazama. Alikwenda nyuma kwa Mumbere akamgusa kichwani, akamfuata Neema kwa jirani akamgusa, akaingia ndani kwa mama yake, mwisho akaja kwangu akaniwekea kiganja cha mvuke na chumvi juu ya nywele. Kisha akarudi kwenye sufuria akaanza kupakua. Ana miaka tisa. Umri huo mimi nilidhani mtu akikua haya yanaisha.