Maji Yalipoingia Majumbani

Batuli alifika Chilonji akiwa bibi harusi asiyejua neno hata moja la Kigogo. Kwao ni milimani Kondoa, kwa Warangi. Mumewe, Yoramu, alikuwa fundi mwashi aliyekwenda huko kujenga madarasa, akarudi na mke. Ndugu za Yoramu walimpokea vizuri, wakamchinjia mbuzi, lakini jioni wakikaa kuzungumza walizungumza Kigogo, naye alicheka pale alipoona wengine wanacheka. Jumapili kijiji kizima kilikwenda kanisani. Batuli, aliyebaki na dini yake, alifagia uwanja ambao alikuwa ameshaufagia.

Miaka ile maji yalikuwa korongoni. Wanawake walitoka alfajiri, wakafukua mchanga kwa vibuyu mpaka yatokeze maji ya rangi ya chai, kisha wakangoja yajae tena kwa ajili ya anayefuata. Kiangazi kilipokaza, shimo lilimmeza mtu mzima. Wasichana walifika shuleni masomo yakiwa katikati, au hawakufika kabisa. Kila ukoo ulikuwa na shimo lake, na Batuli alichota mawifi zake wakishamaliza.

Yoramu alipofariki, binti yao Nasra alikuwa ameshaolewa huko huko Kondoa. Watu walitegemea kwamba Batuli naye atarudi kwao. Hakurudi. Alikuwa na shamba la mtama, na nyumba aliyojengewa kwa mikono ya mumewe, na kaburi nyuma ya nyumba hiyo.

“Nikiondoka, nani atalipalilia?” alimwambia Nasra kwenye simu. Nasra hakujua kama mama yake anasema shamba au kaburi, na hakuuliza.

Ndipo lilipokuja shirika moja la kanisa na mtambo wake wa kuchimba visima. Kabla ya mtambo ilikuja mikutano. Wanakijiji waliambiwa watoe eneo, wasombe mawe na mchanga, waunde kamati, na wachague mtu wa kukaa kwenye kioski cha maji, afungue koki na kupokea senti za ndoo, ili pampu ikiharibika pawe na cha kununulia kipuri. Kila ukoo ulimwogopa mtu wa ukoo mwingine. Mwishowe mwanamke mmoja aitwaye Devota, aliyekuwa amekaa nyuma akinyonyesha, akasema bila kuinuka:

“Mpeni yule Mrangi. Hana wa kumpendelea hapa.”

Watu wakacheka, wakampa. Batuli hakujua kama amesifiwa au ametukanwa. Siku kisima kilipoanza kutoa maji alioga mapema, akajifunga kanga mpya, akaenda kukaa dirishani.

Hapo ndipo alipokifahamu kijiji. Lilikuwa dirisha dogo, lakini kila mtu alipita mbele yake. Madumu yakiongezeka alijua mahali fulani kuna mgeni au msiba. Alijua nani kajifungua, nani kanuniana na mumewe, nani amemtuma mtoto kwa sababu anaona haya kuja mwenyewe. Kigogo kilimwingia bila mwalimu. “Mbukwenyi,” walimsalimu asubuhi, naye akaitikia akiwa tayari ameshika koki.

Devota ndiye aliyekuwa mgomvi wa foleni. Batuli alimwita Mama Gladness, kwa jina la binti yake wa kwanza.

“Mama Nasra, leo umeniibia maji ya kidole kizima.”

“Hicho kidole kimemwagika kwa haraka zako, Mama Gladness.”

“Ongeza.”

“Nikiongeza yatakulowesha kichwa.”

Waligombana hivyo kwa miaka. Siku Devota asipotokea, Batuli aliiuliza foleni nzima yuko wapi.

Watoto waliacha kuharisha ovyo. Wasichana wakaanza kuingia darasani pamoja na wavulana. Pampu ya sola iliharibika mara kadhaa, na kila mara ilitengenezwa kwa senti zile zile za ndoo, wala hakuna aliyemkimbilia mfadhili. Wale wa shirika waliaga, wakaenda kuchimba kwingine.

Baadaye serikali ilitoa fedha za mradi mkubwa zaidi: tangi juu ya kilima na mabomba hadi majumbani. Mitaro ilichimbwa na watu wa kaya maskini zaidi za kijiji, waliolipwa kwa kazi hiyo ya muda. Wengine walinunua mabati, wengine mbuzi. Devota, ambaye mumewe alikuwa amemwacha na watoto, alinunua mbegu za mboga na wavu wa kuzuia kuku. Mtaro ulipita mbele ya kioski chenyewe. Mchana jua lilipokuwa kali, Batuli aliwapelekea wachimbaji maji ya kunywa.

Denis, fundi kijana aliyetoka Dodoma mjini kusimamia mabomba, alimwamkia, akapokea kikombe, kisha akasitasita.

“Mama, umeshaambiwa kwamba mradi ukikamilika hapa patafungwa?”

“Nimeambiwa.”

“Sasa wewe utafanya nini?”

“Nitafungua bomba nyumbani kwangu kama wenzangu. Kunywa, mwanangu, jua kali.”

Siku ya uzinduzi alicheza ngoma pamoja na wanawake wengine, na furaha yake ilikuwa ya kweli. Mgongo wake ulilikumbuka korongo. Kamati ilimshukuru mbele ya watu, ikampa kitenge, ikamvutia bomba bila malipo. Jioni alifungua koki uani kwake. Maji yakatoka, meupe, yenye nguvu. Alijaza ndoo, akaiondoa upesi ili kumpisha mwingine. Nyuma yake hapakuwa na mtu.

Tangu hapo siku zikawa ndefu. Aliswali alfajiri, akajitanda kanga, akafika mlangoni, ndipo akakumbuka kwamba hana anakokwenda. Aliwasemesha kuku. Mtama ulipovunwa hata shamba halikumwita tena. Asubuhi moja alikwenda kioskini, akafagia vumbi na kukaa ndani kwenye kiti chake. Mfugaji mmoja aliyekuwa akiswaga ng'ombe alisimama dirishani.

“Mama, hapa unauza nini?”

“Siuzi kitu.”

Mfugaji akatikisa kichwa, akawafuata ng'ombe wake. Batuli alibaki amekaa mpaka kivuli kilipohama, kisha akarudi nyumbani.

Nasra alipopiga simu alisikia sauti ya mama yake imekuwa ndogo.

“Mama, wale watu wako hawaji kukuona?”

“Walikuwa wanakuja kwenye maji.”

“Na wewe huendi kwao?”

Kwa miaka yote ile Batuli hakuwahi kubisha hodi kwa mtu isipokuwa kwenye msiba. Kila siku alitoka kioskini giza likiingia, na watu aliokuwa na haja nao alikuwa ameshawaona wote. Aliijua mikono yao na ndoo zao. Nyumba nyingine hakujua hata mlango umeelekea wapi.

Siku ya pili yake alikwenda kwa Devota. Ilimbidi aulize njia. Alimkuta ameinama kwenye matuta ya mchicha uani, mpira wa maji mkononi. Devota alimtazama kwa mshangao.

“Kuna msiba?”

“Hakuna. Nimekuja kukusalimu.”

Devota alimletea kigoda, akaendelea kumwagilia, maana mboga zilikuwa zinasubiriwa sokoni Chamwino. Walizungumza kidogo. Pasipo ndoo kati yao hawakujua wagombanie nini. Batuli alipoinuka kuaga, Devota akasema, “Unajua, sikuwahi kufikiri kwamba una nyumba. Niliona kama unakaa pale dirishani.”

Alisema kwa wema tu, lakini Batuli alitembea na kauli hiyo njia nzima.

Alijaribu kwa wengine. Mara nyingi alikuta milango imefungwa, wenyewe wako mashambani au sokoni. Ule muda ambao zamani waliumalizia kwenye maji sasa waliutumia kwa kazi zao. Hakuweza kuwalaumu. Hicho ndicho mikutano yote ile ilichokuwa ikikitafuta.

Mwezi wa Ramadhani ulipoingia, Devota alikuja jioni moja na sufuria ya uji wa uwele iliyofungwa kwa kanga.

“Nimesikia mmeanza kufunga. Kunywa ungali moto.”

“Bado jua halijazama.”

Devota aliliangalia jua, akaiangalia sufuria. Alikuwa na watoto wanaosubiri chakula. Akakaa. Walikaa wote wawili kwenye mkeka, uji umefunikwa kati yao, upepo ukipeperusha vumbi la uwanja.

“Mbona la leo halishuki?” Devota aliuliza baada ya muda.

“Huwa hivyo.”

Chilonji hapana msikiti, kwa hiyo Batuli hakungoja adhana. Aliutazama ukingo wa kilima mpaka mwanga ukakatika. Akanywa maji, akasema bismillahi, akafunua sufuria. Uji ulizidi chumvi. Akaunywa wote.

“Mama Gladness, chumvi imepungua bei?”

“Ungeonja ninaowapikia watoto wangu,” Devota alisema, akachukua sufuria yake.

Batuli alimsindikiza mpaka barabarani, wakaagana, akarudi peke yake uani akitafuta funguo gizani.