Chumba Ambacho Hakikuwa Kwenye Ramani

Siku yangu ya kwanza kazini nilijenga ukuta, na siku hiyohiyo nikaubomoa. Nilikuwa nimetoka nyumbani kwetu Mabawa, mjini Tanga, asubuhi na mapema, suruali imepigwa pasi kama ninayekwenda harusini, nikaripoti kwa Fundi Mkuu wa ujenzi wa shule za serikali. Alikuwa mtu mzima, Mwislamu wa asili ya Kihindi, mzaliwa wa Tanga aliyesema Kiswahili kutushinda sisi. Aliitikia shikamoo yangu, akaniagiza nipandishe kozi nne za matofali, mstari juu ya mstari. Nilipomaliza alishusha timazi, kile kichuma kinachoning'inia kwenye uzi kumwonyesha mwashi kama ukuta umesimama wima. Uzi ukashika njia yake, ukuta njia yake.

"Ukuta wako unasujudu," aliniambia. "Bomoa."

Wenzangu walicheka, nami nikacheka nao. Mara ya tatu uzi ukalala sawa na ukuta, akanipa chai.

Hiyo ilikuwa miaka ya hamsini, serikali ilipoanza kugharimia shule za matofali na bati badala ya zile za miti na udongo zilizolainika kila masika. Kutoka mjini nilipelekwa Mkwaja, kijiji cha pwani. Mchanga wa huko una chumvi, na chumvi hula ukuta taratibu, kwa hiyo tuliuosha kwa maji ya kisima kabla ya kuuchanganya na saruji. Wanawake wa Mkwaja walituambia hawajapata kuona wanaume wanaoosha mchanga na mashati yao hawayafui.

Kisha nikahamishiwa shamba moja la mkonge upande wa Muheza, safari hii nikiwa kiongozi wa waashi. Wafanyakazi wengi walikuwa wametoka mbali, familia za Kikatoliki na Kilutheri zilizoishi katika kambi za shamba. Wanaume walikata mkonge; wanawake walianika singa, yaani zile nyuzi zinazotoka mtamboni zikiwa mbichi. Tukajenga madarasa mawili, shule ikafunguliwa, nikabaki kumalizia vyoo na tangi la maji. Ndipo nilipoona jambo. Madawati ya mbele yalijaa wavulana, ya nyuma yalikuwa matupu. Nje, chini ya dirisha, wasichana walikaa kwenye kivuli cha ukuta, kila mmoja na mtoto mgongoni, wakisikiliza. Mtoto akilia, dada yake anainuka na kwenda zake.

Mmoja wao aliitwa Veronika. Nilimuuliza mama yake, Mama Anselma, mwanika singa, kwa nini hamwandikishi. Hakukasirika.

"Fundi, mimi nikiwa kwenye singa, huyu mdogo nimwache na nani? Na wewe?"

 Nilichokuwa nacho ni matofali yaliyobaki, na varanda pana upande wa mashariki. Nikaanza kuifunga varanda ile kwa ukuta, iwe chumba cha kuwalelea wadogo, bila ramani wala ruhusa. Vijana, msiniige. Nilikuwa kozi ya tano Fundi Mkuu alipofika, amefuatana na Bwana Mkaguzi wa Shule, Mwingereza mrefu asiyependa maneno mengi. Fundi Mkuu aliutazama ukuta, akanitazama mimi, akaninong'oneza kwamba nianze kufunga mizigo yangu.

Mkaguzi aliuliza ukuta ule ni wa nini. Nilimweleza.  Alizunguka jengo, akawakuta wasichana dirishani, akamuuliza Veronika ndani wanafundishwa nini. Veronika akasema ni hesabu za kugawanya, na jibu la ile iliyoko ubaoni ni saba. Wa ndani walikuwa bado hawajalipata.

Mkaguzi akarudi kwangu. "Ukuta huu hauna msingi. Ubomoe."

Niliinamisha kichwa.

"Kisha uujenge tena, wenye msingi. Fundi Mkuu atakuchorea."

Akapendekeza serikali itoe vifaa, na shamba litoe mishahara ya walezi wawili pamoja na uji wa watoto. Meneja wa shamba alinung'unika kwamba yeye analima mkonge, halei watoto. Mama Anselma, aliyekuja na wenzake kutoka kwenye singa, alimweleza kwa upole kwamba mwanamke asiyegeuka kila mara kumtafuta mwanawe huanika nyingi zaidi. Meneja alifikiri kidogo, akakubali.

Chumba kilipokwisha kilikuwa na madirisha ya chini, ili watoto waone nje. Asubuhi ya kwanza Veronika aliketi kwenye dawati akijiyumbisha polepole, kama aliye bado na mtoto mgongoni. Mwalimu hakumkataza. Ilimchukua karibu juma zima kutulia.

Baada ya hapo nilijenga shule nyingine mashambani, na kadhaa kati ya hizo zilikuja na chumba cha watoto kwenye ramani tangu mwanzo. Nilistaafu nikiwa Fundi Mkuu mwenyewe. Sasa magoti yamechoka, lakini mafundi vijana hunijia, tunazungumza kwa furaha, wakiniuliza juu ya saruji na kenchi za paa. Nawaeleza ninayoyajua. Halafu nawaambia: ramani huchorwa ofisini. Mkifika kwenye kiwanja, kabla ya kupiga kamba ya msingi, waulizeni akina mama wa hapo wanatoka saa ngapi kwenda kazini, na watoto wanabaki na nani. Kamba itasubiri.