Fundi Miavuli wa Tukuyu na Mlango Ambao Wateja Hawaingii

Saa mbili asubuhi mjini Tukuyu, mvua inanyesha ile ya taratibu, isiyo na haraka ya kwenda popote, na Atuganile Mwaijande amekaa upande wa barabara usio wake.

Duka lake liko ng'ambo, hatua kama thelathini. Mlango uko wazi, taa inawaka, bango lenye picha ya mwavuli limening'inia juu. Mwenyewe yuko kwenye kibanda cha Mama Hellen muuza chai, ameshika kikombe cha chai ya tangawizi iliyokwisha kupoa, anautazama mlango wake kama vile ni wa mtu mwingine.

"Tangu saa moja hajaimaliza hiyo chai," anasema Mama Hellen. "Nimemwambia, mwanangu, hata mlinzi huwa anapepesa macho."

Atuganile hacheki. Ni Aprili, mwezi ambao mvua ya Rungwe inampa fundi wa miavuli na gambuti riziki ya kumvusha kiangazi kizima. Mwaka jana, siku kama hii, alikuwa akipokea watu kumi na wawili, hata kumi na watano. Jana wamekuja wawili. Juzi hakuja mtu. Na Ijumaa mwenye nyumba, Mzee Jacob, anataka jibu: alipe kodi ya miezi sita mingine au atoe vitu vyake.

"Kazi siiogopi. Naogopa kukaa," anasema. "Ukikaa bila mtu unaanza kuitazama mikono yako, unajiuliza labda yenyewe ndiyo imeharibika."

Atuganile ana miaka ishirini na sita. Alimaliza darasa la saba kwao Nkunga, hakuendelea. Ufundi aliupata kwa mjomba wake, ambaye sasa ni marehemu: kunyoosha njiti za mwavuli, kushona kitambaa kilichochomoka, kubandika kiraka kwenye gambuti kwa gundi ya matairi ya baiskeli. Kwa miaka minne alifanya kazi hiyo kwenye baraza la duka la vifaa vya ujenzi la Ambokile, karibu na stendi. Hakulipa kodi. Alifagia baraza asubuhi na jioni, basi.

Ila baraza ni baraza. Siku mzigo wa saruji ukishushwa, anahama. Mchuuzi mwingine akija, anasogea. Mwalimu mmoja, mteja wake wa siku nyingi, akamwambia kazi yake ni nzuri, inastahili kuwa mahali pa heshima. Maneno hayo yakamwingia. Novemba mwaka jana akachukua akiba yake ya miaka mitatu, akalipa shilingi laki mbili na arobaini kwa fremu ya Mzee Jacob.

Fremu hiyo ilikuwa saluni. Ina kioo kirefu ukutani na sakafu ya marumaru nyeupe. Mama yake alipokuja kuiona alitembea kwa vidole kama yuko madhabahuni, na Jumapili iliyofuata kanisa zima la Nkunga lilijua kwamba binti yake ana duka.

Kisha wateja wakapungua. Mwanzoni alidhani watu hawajajua kwamba amehama, akachoresha bango. Akaweka picha za miavuli kwenye WhatsApp. Waliozitazama ni wanakwaya wenzake, wakamtumia mioyo na maua. Akashusha bei ya kufunga njiti kutoka shilingi elfu moja hadi mia saba.

"Nilikuwa nawapunguzia bei watu ambao hawapo," anasema.

Mwezi uliopita akabuni jambo jingine. Kila aliyeingia, kabla ya kumpokea mzigo wake, alimuuliza amejuaje kama fundi yuko pale. Alifanya hivyo wiki mbili nzima, na majibu anayakumbuka yote kwa sababu hayakuwa mengi. Watu kumi na mmoja. Saba walisema walikuwa wamesimama kwa Ambokile wakikwepa mvua, Ambokile akawaelekeza. Watatu waliuona uzi mwekundu. Mmoja alivutwa na bango, ila alitaka kusukwa nywele.

Uzi mwekundu ni alama yake. Kila mwavuli unaopita mikononi mwake anaumalizia kwa mishono mitatu myekundu kwenye ncha ya kitambaa. Jumapili ya mvua, miavuli kwenye mlango wa kanisa inarundikana, yote myeusi, na watu huondoka na isiyo yao. Mwenye uzi mwekundu haukosi wake. Wapo hata waliomletea miavuli mizima kabisa, awatilie uzi tu.

Lakini hakuna mteja wa mwavuli aliyeletwa na bango, wala na WhatsApp, wala na bei. Ndipo alipoamua kuliacha duka wazi na kwenda kukaa ng'ambo, aone anachokiona mteja.

Inakaribia saa tatu, mzee mmoja anakuja akitokea upande wa sokoni. Mwavuli wake umevunjika bawa moja, gambuti zina tope hadi kwenye ugoko. Anasimama mlangoni kwa Atuganile. Anatazama chini.

Pale kizingitini kuna jozi ya gambuti, zimepangwa vizuri, visigino ukutani. Ni za Atuganile mwenyewe. Huzivua kila asubuhi akishapiga deki, akabaki na ndala, asichafue marumaru. Mzee anazitazama, anatazama miguu yake, anatazama sakafu inavyong'aa. Anakwangua soli moja kwenye ngazi, halafu ya pili. Kisha anauinua mwavuli wake mbovu na kwenda zake.

Atuganile ameshaweka kikombe chini. Anamfikia mzee karibu na kona, anamwamkia kwa Kinyakyusa, "Mugonile, taata," na kumuuliza kwa nini hakuingia. Mzee, anayejitambulisha kwa jina la Anyosisye, mkulima wa Lufingo, anaonekana kuona haya kuulizwa.

"Niliona viatu mlangoni, nikajua humo watu wanavua," anasema. "Sasa mimi, binti, gambuti ndiyo iliyonileta, imetoboka. Nikivua, na soksi nayo imetoboka. Nitaingiaje kwa watu?"

Atuganile anaitazama ile gambuti. Mtu anayeleta gambuti kutiwa kiraka huja amezivaa. Miezi sita amekuwa akiwaambia wateja wake, bila kufungua mdomo, wavue.

Anamrudisha mzee hadi kwa Mama Hellen, anamkalisha, anamfungia njiti na kuitia gambuti kiraka pale pale, kwa waya, koleo na gundi alivyochukua dukani. Kabla hajamaliza, mwanamke aliyekuwa amejikinga mvua chini ya bati la kibanda anamnyooshea mwavuli wake. Kisha mwingine. Watatu kwa nusu saa. Mama Hellen anasema kuanzia kesho atamtoza kodi ya benchi.

Mzee Anyosisye anasema ndaga fijo, asante sana, na anaondoka kiraka kikiwa bado kinanukia gundi. Atuganile anabaki amesimama.

"Nilikuwa nadhani watu wananitafuta," anasema polepole. "Kumbe hawakuwa wananitafuta. Walikuwa wanakimbia mvua, wananikuta nipo. Mtu akisimama pale barazani hana la kufanya, ndipo anauangalia mwavuli wake anaona ulivyo mbovu."

Siku hiyo hiyo anaficha gambuti zake ndani na kutandika magunia ya mbolea juu ya marumaru. Hadi jioni wanaingia wawili. Fremu ya Mzee Jacob haina baraza. Maji ya bati yanamwagikia mlangoni kabisa. Hakuna anayekimbilia pale kujikinga.

Kwa hiyo anajua la kufanya, na ndilo linalomtisha. Akirudi barazani, watu watasema amefilisika. Mama yake, alipoelezwa kwa simu, aliuliza atamwambia nini mchungaji. Tena kijana mmoja muuza chipsi, Gift, ameshamwomba Ambokile nafasi ile ile.

Alhamisi mchana anakwenda. Akifika anakuta jiko la Gift limeshawekwa, upande mkavu, karibu na mlango wa duka.

Ambokile anatoka akijifuta vumbi la saruji. Anamwambia amechelewa kidogo, mdogo wangu, ila baraza halijaisha, wazungumze wenyewe. Gift, kijana mpole, anasogeza ndoo yake ya viazi na kuomba radhi mapema. Kilichobaki ni kona ya mwisho, anasema, na ile haifai. Upepo wa mlimani unapita kati ya nyumba mbili na kupiga pale. Jana alipolijaribu jiko pale, ulimzimia mara tatu.

Atuganile anakwenda kusimama kwenye kona hiyo. Mvua inampiga usoni. Mama mmoja anakuja na mtoto mgongoni, anafika usawa wa ukuta, na mwavuli wake unageuka ndani nje kama umevutwa na mtu. Mama anajibana ukutani, akihangaika nao.

"Nipe mita mbili hapa hapa," Atuganile anamwambia Ambokile, macho yakiwa kwa yule mama. "Sitaki pengine."

Kesho atamrudishia Mzee Jacob ufunguo. Mpango wake ni kununua benchi la watu watatu, ili anayejikinga mvua apate pa kukaa. Aprili imebakiza siku kumi na mbili, na hajui kama zitatosha kumvusha kiangazi. Anaisema hiyo habari ya benchi huku mkono wake mmoja umeshanyooshwa, unaupokea mwavuli.